Ujira usilale kwako: tuujadili upendo kwa jirani kuanzia Walawi 19

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wanajukwaa. Msiosali kama sisi nawasalimu kwa heshima zote, na uzi huu ni wenu pia, kwa kuwa ninyi ni majirani zetu na amri ninayotaka tuijadili inawahusu.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Dar es Salaam, na nimesikia mahubiri mengi juu ya upendo. Mara nyingi nilitoka ibadani nimefarijika, lakini sikujua Jumatatu asubuhi nikabishe hodi kwenye mlango wa nani. Ndiyo maana leo sitaanza na Wakorintho wa Kwanza 13, sura inayosomwa katika kila harusi. Nitaanza na jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2014 nyumbani kwangu alikuwapo dada wa kazi aliyetoka Singida. Tulikubaliana shilingi 50,000 kwa mwezi, akala na kulala kwetu. Mwaka huo usharika ulikuwa unajenga, nami, kwa nafasi yangu ya uzee, niliahidi shilingi 300,000. Januari ada za watoto zikanibana. Februari nikamwambia dada asubiri kidogo, Machi nikamwambia hivyo hivyo, na kufikia Aprili sikumwambia kitu tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kudai. Jumapili moja ya mwezi huo nilitembea hadi mbele nikaweka bahasha yenye ahadi yangu yote, jina langu likasomwa, washarika wakapiga makofi. Dada alikuwa amekaa kiti cha nyuma na mtoto wangu mdogo mapajani. Bahasha hiyo ilikuwa na mishahara yake minne, jumla ya shilingi 200,000.

Mwezi uliofuata akapigiwa simu kwamba mama yake anaumwa. Nilimpa nauli na shilingi 50,000, nikamwambia zilizobaki nitamtumia kwa simu. Sikutuma. Sikuwa nimekusudia kumdhulumu; kila mwisho wa mwezi kulikuwa na jambo jingine la karibu zaidi, naye alikuwa mbali.

Miaka miwili baadaye, katika jumuiya yetu ya Jumamosi alfajiri, zamu ya kuongoza somo iliniangukia. Neno lilikuwa amri kuu ya pili, ile Bwana Yesu aliyoitaja alipoulizwa na mwanasheria. Nikaona nifungue pale alipoitoa, maana hakuitunga siku ile. Imeandikwa Walawi 19:18. Nilikuwa nikiijua aya hiyo kwa moyo tangu kipaimara, lakini sikuwahi kusoma aya zilizo juu yake. Nikaanza kusoma kwa sauti mbele ya watu. Aya ya 9 na ya 10 zinamwambia mwenye shamba asivune pembe za shamba lake, awaachie maskini na mgeni. Nilipofika aya ya 13, “ujira wa mwajiriwa usikae kwako usiku kucha hata asubuhi”, sauti ikanikatika. Mama mmoja akafikiri nimepaliwa, akaniletea maji.

Tangu siku ile nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na ninaloona ni hili. Amri ya kumpenda jirani ni aya moja katikati ya orodha ya mambo ya shambani, sokoni na barazani, na kila jambo katika orodha hiyo lina kipimo. Usimlaani kiziwi, ambaye hawezi kusikia ulichosema. Usimwekee kipofu kikwazo. Usimpendelee maskini katika hukumu wala usimstahi mwenye nguvu. Usiende huku na huko ukichongea. Kisha ndipo: umpende jirani yako kama nafsi yako. Baada ya hapo sura haihami kwenda mbinguni. Aya ya 34 inarudia maneno yale yale juu ya mgeni, umpende kama nafsi yako, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri, na mara moja aya ya 35 na ya 36 zinazungumzia mizani ya haki na vipimo vya haki. Msomaji anatoka kwenye upendo kwa mgeni na kuingia dukani, wala hapewi hata aya moja ya kupumzika njiani.

Kwa hiyo hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba upendo wa Kikristo, kabla haujawa ukarimu, huanza kwa kumpa mtu kilicho chake: ujira wake, kipimo chake kamili, jina lake jema asipokuwapo, na ukweli hata kama unatuaibisha. Tunapenda kuanzia kwenye ukarimu kwa sababu mkarimu huchagua siku, kiasi na mtu wa kumpa. Mwenye kulipa deni hana uhuru huo.

Najua wapo watakaosema tuchimbe kwanza neno la Kigiriki, agape, kwamba ndilo upendo wa Mungu, tofauti na mapenzi mengine. Nimefundisha hivyo mimi mwenyewe, na sasa ninaona halitufikishi mbali. Kitenzi cha neno hilo ndicho Paulo alichotumia kusema kwamba Dema alimwacha kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa (2 Timotheo 4:10), na ndicho Yohana alichotumia kusema watu walipenda giza kuliko nuru. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, kitenzi hicho hicho kimetumika kwa Amnoni na Tamari, kisa ambacho mwisho wake ni ubakaji. Neno lenyewe halina utakatifu wa kuzaliwa nao. Tutautambua upendo kwa kile ulichomtendea mtu aliyekuwa mbele yetu.

Tena tutazame mfano wa Msamaria mwema kwa jicho la matumizi. Barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ina urefu wa kama kilomita 27 na inateremka takriban mita 1,000 katikati ya majabali, mahali pazuri kwa wanyang'anyi kujificha. Huruma ya Msamaria imetajwa kwa neno moja tu, kwamba alimhurumia. Baada ya neno hilo Luka anahesabu: mafuta, divai, kumfunga jeraha, mnyama wake mwenyewe, nyumba ya wageni, na asubuhi dinari mbili. Dinari moja, kwa mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu, ilikuwa ujira wa kutwa. Kisha anamwambia mwenye nyumba, “cho chote utakachogharimiwa zaidi, mimi nitakaporudi nitakulipa.” Mimi nilimwambia dada maneno yanayofanana na hayo pale kituo cha mabasi, nami sikurudi.

Sisi Walutheri hatuna udhuru wa kusema hatukufundishwa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza amri ya saba, Usiibe, haishii kwenye kukataza. Anasema tusichukue mali ya jirani wala kuipata kwa hila, bali tumsaidie kuitunza na kuiongeza mali yake na riziki yake. Kila mtoto wa kipaimara huyakariri hayo. Maana yake ni kwamba riziki ya dada wa kazi ni jambo ninalotakiwa kulilinda mimi, mwajiri wake, na kuacha kuiba peke yake hakutoshi.

Namaliza kisa changu. Kupitia mama aliyemleta nilipata namba ya dada, nikatuma shilingi 150,000, kisha nikampigia. Alipokea akasema, “Shikamoo baba.” Nikaitikia, nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, “Hela nimeiona baba. Mama tulimzika mwaka ule ule.” Akaniuliza hali ya watoto, mmoja mmoja kwa jina. Sidai kwamba fedha ile ingemponya mama yake. Ila nilijua kwamba aliuguza akiwa na shilingi 50,000 mfukoni, wakati 150,000 nyingine zilikuwa zake kwa haki na zilikuwa kwangu.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadiliane kwa upole, na wenye kunipinga wanipinge.

Mchangiaji kutoka Moshi

Mzee wetu, asante kwa ukweli wako, na pole. Hata hivyo naomba nikupinge katika jambo moja, kwa sababu nadhani ni la msingi.

Kulipa mshahara ni haki. Mpagani analipa mshahara, na serikali inaweza kumlazimisha asiyelipa. Tukisema kulipa deni ndiko upendo wa Kikristo, tutakuwa tumeushusha upendo hadi kiwango cha mkataba. Bwana Yesu katika Mathayo 5 aliuliza, mkiwapenda wanaowapenda ninyi, mwapata thawabu gani? Upendo wa Kikristo unaanza pale haki inapoishia: kumpa asiyestahili, kumsamehe asiyeomba radhi, kumwombea anayekuudhi. Askofu Janani Luwum wa Uganda alipouawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977, askofu mwenzake Festo Kivengere alikimbilia uhamishoni, na mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake tu linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Hapo hapakuwa na deni la kulipa. Amin ndiye aliyekuwa mdaiwa. Hilo ndilo ninaloliita upendo.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Moshi, umenipinga vizuri, na sehemu kubwa ya ulichosema naikubali. Upendo unavuka haki, wala sitaki msomaji yeyote afikiri kwamba akishalipa madeni yake amemaliza amri.

Ninachokataa ni neno “unaanza”. Kwa maoni yangu upendo unapita ndani ya haki kabla ya kuivuka. Paulo katika Warumi 13:8 anasema, “Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana.” Ameweka madeni na upendo katika sentensi moja, na amri anazotaja baada ya hapo, usizini, usiue, usiibe, usitamani, zote zinahusu kutomvunjia mtu kilicho chake. Kisha anafunga kwa kusema pendo halimfanyii jirani neno baya. Hicho ndicho kizingiti cha chini kabisa, na mimi nilikuwa nimekiruka nikaenda kutoa sadaka.

Tena Kivengere uliyemtaja ni mtoto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Kenya na huku kwetu. Waliookoka katika Uamsho ule walijulikana kwa jambo lililowashangaza majirani zao: walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Zakayo naye alifanya hivyo. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na huo ni ukarimu. Lakini waliodhulumiwa aliwarudishia mara nne, na hakulihesabu jambo hilo ndani ya ile nusu. Naamini mtu aliyezoea kurudisha kitu cha mwenzake anaandaliwa polepole kwa siku ngumu atakapotakiwa kumpenda adui.

Mchangiaji kutoka Kigoma

Naunga mkono hilo la kuandaliwa, nami nina mfano wa karibu na sisi tunaoishi mpakani. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa, wakabaki pamoja, na 40 kati yao wakauawa. Ilikuwa katikati ya vita ambayo nje ya ukuta wa shule ilikuwa imegawanya vijiji na hata familia.

Huwa najiuliza, kijana aliyeamshwa usingizini anapata wapi jibu kama lile kwa dakika chache? Halitungwi pale. Nina hakika lilikuwa limekwisha kutengenezwa mezani, kwa kula sahani moja na mwenzake, na uwanjani, na katika mambo madogo ya bweni kama kuazimana sabuni na kurudishiana. Ndiyo maana nakubaliana na mleta uzi kwamba tusidharau mambo yanayoonekana kuwa ya hesabu.

Mama wa Arusha

Nawasalimu wote. Mimi naomba msaada, maana ninyi mmeongea juu ya mtu mkubwa anayedaiwa. Mimi hali yangu ni kinyume.

Nina mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Kwa miaka sita sasa ananikopa na harudishi. Mwanzo ilikuwa mtaji wa nguo za mtumba, halafu bodaboda, halafu kodi ya nyumba. Nikikataa ananiambia, “Dada, na wokovu wako huo?” Watu wa kanisani nao wananiambia upendo hauhesabu mabaya, kwa hiyo nisihesabu. Nimefika mahali nikiona namba yake kwenye simu tumbo linanikaza. Je, hapo nampenda au nimekwisha kumchukia bila kujijua?

Mleta uzi

Dada yangu, pole sana. Nimeisoma habari yako mara mbili kabla ya kujibu.

Nadhani umeligusa jambo ambalo Walawi 19 inalijua. Aya ya 17, inayotangulia moja kwa moja amri ya upendo, inakataza kumchukia ndugu moyoni, na dawa inayoitoa ni kumkemea, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Maandiko yanaona kwamba ukimya huzaa chuki. Unatoa, unanyamaza, unatoa tena, na kila ukitoa kinyongo kinaongezeka ndani, mpaka sauti ya ndugu yako inakukaza tumbo. Wewe hujamchukia bado, maana anayechukia haulizi swali ulilouliza. Lakini uko njiani, na kinachokupeleka huko ni kumpa bila kumwambia ukweli.

Wanaokutajia kwamba upendo hauhesabu mabaya wameikata aya. Neno lile ni neno la mwenye daftari, la kumwandikia mtu kosa lake ili ulitunze na siku moja umtolee. Ni kweli upendo hauweki daftari la namna hiyo. Lakini mstari unaofuata unasema upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Mdogo wako kukutumia wokovu wako kama fimbo ni udhalimu, naye atakuwa salama zaidi ukimweleza.

Kwa hiyo, kama ningekuwa mimi, ningemwita nyumbani, tule kwanza, maana ni ndugu. Kisha ningemwambia bila ukali kwamba ya nyuma yote nimeyafuta, sitayataja tena wala kwa mama wala kwa wajomba, na kwamba mkopo sitatoa tena. Watoto wake wakilala njaa waje kwangu, sufuria ipo. Paulo anamwambia asiyetaka kufanya kazi asile, ila watoto hawamo katika katazo hilo. Atakasirika, pengine kwa miezi. Mlango wako uwe wazi muda wote huo, na ukisikia anaumwa uwe wa kwanza kufika.

Mama wa Arusha

Nimesoma. Hilo la kula kwanza ndilo nililokuwa sijafikiria. Mimi nilikuwa nimepanga kumwandikia ujumbe.

Mchangiaji kutoka Tanga

Assalaam alaikum na habari zenu. Mimi ni Muislamu, nimepita nikavutiwa. Kwetu pia tumefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kwa hiyo nilipoisoma aya yenu ya 13 nilijikuta niko nyumbani.

Swali langu ni la heshima. Nimeishi na majirani Wakristo miaka mingi na ni watu wema. Lakini nimeona kwamba wakiwa na michango yao, wanasema “kwa ajili ya wapendwa”, na mpendwa ni wa kanisa lao. Je, jirani katika amri hiyo ni nani hasa?

Mleta uzi

Wa alaikum salaam, jirani yangu. Swali lako ndilo lile lile alilouliza mwanasheria katika Luka 10, tofauti ni kwamba yeye aliuliza akitaka kujihesabia haki, nawe unauliza kwa sababu umeachwa nje ya mlango.

Ni kweli Paulo katika Wagalatia 6:10 anasema tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Wengi wetu tumelishika neno “hasa” tukalifanya “tu”. Nyumba inayotunza watu wake haifanyi kosa, kwa sababu huko ndiko wajane na yatima wa karibu wanakojulikana kwa majina. Kosa ni pale nyumba inapofunga mlango.

Bwana Yesu hakumpa mwanasheria yule orodha ya watu wa kupendwa. Alimsimulia habari ya Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana naye, kisha akaligeuza swali: katika hao watatu, ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi? Mwanasheria alitaka kujua mpaka wa wajibu wake, naye akaulizwa kama yeye mwenyewe ni jirani wa mtu. Katika hadithi hiyo mwenye dini tofauti ndiye anayetufundisha upendo, na nadhani wewe leo umefanya kitu cha namna hiyo. Kuhusu neno “wapendwa”, nitalipeleka kwenye jumuiya yetu. Mtaani kwetu kuna nyumba nne za Waislamu na sijawahi kuona bahasha yetu ya msiba ikifika huko, ingawa wao hutuletea vyombo na viti kila tunapofiwa.

Mchangiaji aliyekuwa dada wa kazi

Shikamooni. Sijawahi kuandika hapa, huwa nasoma tu. Nilifanya kazi za ndani miaka saba katika nyumba tatu, zote za watu wa kusali. Sasa nina genge langu la mboga, kwa hiyo naandika bila woga.

Mleta uzi, nataka kukuambia jambo ambalo huenda dada yule hakukuambia kwa heshima. Katika nyumba ya pili waliniambia siku ya kwanza, “Wewe si mfanyakazi, wewe ni mwanafamilia.” Nilifurahi mpaka nikalia. Baadaye nikaelewa kazi ya neno hilo. Nikiuliza mshahara, mama ananiambia, “Kwani sisi na wewe tunadaiana? Si ndugu?” Ila wakienda kupiga picha ya familia, mimi ndiye niliyeshika simu nikapiga. Chakula nilikula jikoni baada ya wote, na nyama ikibaki ilitunzwa ya kesho.

Nyumba ya tatu hawakuniita mwanafamilia. Waliniita kwa jina langu. Tarehe 28 ya kila mwezi mama aliniita mezani, akanihesabia hela mkononi, nikatia sahihi kwenye kidaftari. Mwezi mmoja baba alisimamishwa kazi. Mama akaniita tarehe ile ile ya 28, akaniambia, “Leo sina, na mwezi ujao huenda nikawa na nusu. Ukitaka kuondoka nitakutafutia nyumba nzuri, ukibaki tutakula tutakachopata, na deni lako nimeliandika hapa.” Akanionyesha. Nikabaki. Alinilipa lote mwezi wa tano. Hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini nikifikiria kupendwa na mtu asiyekuwa wa damu yangu, namfikiria yule mama na kidaftari chake chenye jalada la bluu.

Mleta uzi

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuandika.

Nilisema juu kwamba upendo hauweki daftari la makosa ya wengine. Wewe umenionyesha daftari la pili, ambalo mtu anaandika deni lake mwenyewe ili asilisahau. Waraka kwa Filemoni una jambo hilo. Paulo anamrudisha Onesimo, mtumwa aliyekimbia, anaomba apokewe kama ndugu mpendwa, na kwa kuwa anajua neno “ndugu” linaweza kubaki neno tu, anaongeza kwamba kama anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake, na kwa mkono wake mwenyewe anaandika, mimi nitalipa. Nimeusoma waraka huo mara nyingi bila kuona kwamba udugu na hati ya deni vimo katika aya zinazofuatana.

Na juu ya neno “mwanafamilia”, mimi pia nililitumia kwa dada yule. Sikuliandika katika kisa changu cha mwanzo kwa sababu nililihesabu kuwa jambo jema.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mzee, nimesoma uzi wote tangu asubuhi nikiwa kazini. Nina swali la mwisho, naomba unijibu hata kama ni kwa ufupi. Mwaka 2019 fundi alinijengea ukuta. Tulibishana juu ya kazi, nikazuia shilingi 180,000 zake. Moyoni nilijua kazi ilikuwa sawa, nilitafuta kisingizio tu. Mwaka jana nimesikia amefariki. Nilikuwa nafikiria niitoe hiyo hela kanisani kama sadaka ya shukrani, jambo liishe. Inafaa?

Mleta uzi

Ndugu yangu, soma Hesabu 5, aya ya 6 hadi ya 8. Aliyemkosa mwenzake anaungama, anarudisha kitu chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, naye anampa yule aliyemkosa. Kama mtu huyo hayupo, kinakwenda kwa jamaa yake. Ni pale tu asipokuwapo jamaa wa kupokea ndipo kinakuwa cha Bwana, kwa kuhani. Kanisa limetajwa mwisho kabisa. Sehemu ya tano ya 180,000 ni 36,000.

Je, fundi aliacha mke au watoto?

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Mke yupo Mbagala, anauza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Huwa nabadilisha upande wa barabara nikipita pale. Nitaenda Jumamosi.